Ndago Zimemaliza Ukoka: Tuite Kampuni au Tushike Jembe Wenyewe?

Shikamoo Bibi Shamba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Raskazone hapa Tanga, kwenye nyumba ya familia ya mume wangu. Nakuandikia kwa sababu uwanja wa mbele ya nyumba umenishinda, na sasa umeanza kuleta maneno ndani.

Uwanja wenyewe una urefu wa kama mita 20 na upana mita 15. Zamani ulikuwa na ukoka mzuri alioupanda marehemu baba mkwe kwa mkono wake. Jioni tulikuwa tunatandika mkeka, kahawa inaletwa, watoto wanacheza. Miaka miwili iliyopita tuliongeza vyumba viwili upande wa uani. Malori yakapita juu ya ukoka, mafundi wakakoroga zege palepale, na walipoondoka nusu ya uwanja ilikuwa kifusi kitupu. Mume wangu akanunua lori zima la udongo mweusi, tukautandaza na kupanda ukoka upya.

Masika ya kwanza ukashika vizuri. Masika yaliyofuata vikaanza kutoka vijani vyembamba vya kijani kilichokolea, vimesimama wima, vinaupita ukoka kwa urefu ndani ya siku chache. Mama mkwe aliviona tu akasema ni ndago. Akaita vijana wawili wa jembe, wakalima sehemu yote iliyoshambuliwa huku mvua zikiendelea. Pakawa safi kwa muda mfupi, kisha zikarudi, tena nyingi kuliko mwanzo. Sasa vuli imeanza na nusu ya uwanja ni ndago. Karibu na tenki la maji ndiyo usiseme. Kishona nguo nacho kimejaa kandokando ya ukuta.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa kampuni ya kutunza bustani, amevaa ovaroli safi, akaacha karatasi ya bei. Wanataka shilingi 180,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mzima. Watakata majani mara mbili kwa mwezi, watapuliza dawa, wataweka mbolea. Nilipomuuliza ni dawa gani, akasema ni dawa ya kisasa, majani yanakauka kesho yake. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam na anarudi mwisho wa mwezi tu. Yeye anasema tulipe, tupumzike.

Shemeji anasema huo ni wizi. Dawa ya kuua majani ipo kwenye maduka ya pembejeo, bomba la mgongoni ataazima, kazi ataimaliza Jumapili moja. Mama mkwe hataki kusikia habari ya dawa. Anasema tulime tena, na safari hii tumwage chumvi, kama walivyokuwa wakifanya wazee kwao Pangani. Ana kuku wake wanaozunguka hapo kutwa, na wanangu na wenzao wakitoka madrasa wanacheza mpira hapohapo. Kuna pia kisima cha zamani pembeni ya ua. Maji yake hatunywi, ila tunafulia na kumwagilia.

Kuna kijana wa fyekeo ambaye hutukatia majani kwa 15,000 kila anapokuja. Ni mwaminifu, sitaki akose kazi kwa sababu ya kampuni. Na mwezi wa saba mdogo wangu anaolewa, tumekubaliana shughuli ifanyike hapa nyumbani. Naomba uniambie nimsikilize nani.

Mama wa Raskazone

* * *

Marahaba mwanangu.

Mkataba usiutie saini. Dawa inayokausha majani kesho yake isiingie uani kwako. Chumvi ibaki jikoni. Na mama mkwe wako, ukiacha hiyo chumvi na msimu aliochagua kulimia, yuko karibu na ukweli kuliko wote watatu. Nieleze kwa nini, maana hawa wote ni watu wako na lazima uwarudie na sababu wanazoweza kuzipima.

Kwanza hakikisha ni ndago kweli. Chukua shina moja, lizungushe kati ya vidole viwili. Shina la nyasi ya kawaida ni la mviringo au bapa, la ndago lina pembe tatu na utazihisi. Kisha chimba taratibu kwa kijiko cha bustani, usivute, ushuke kama sentimita 15. Utakuta viazi vidogo vyeusi vyenye harufu, vimeungana kwa uzi mwembamba wa mzizi, kimoja baada ya kingine, kama punje za tasbihi. Huo uzi ndio wa kuuelewa. Uzi ukiwa mzima, kiazi cha mbele kinachipua na kuvizuia vya nyuma visichipue. Vinalala tu, vinangoja. Jembe likipita likaukata uzi, kila kiazi kinakuwa huru na kila kimoja kinatoa jani lake. Wale vijana wa masika walikata minyororo mingi, wakaiacha kwenye udongo wenye maji. Kwa hiyo kilichoonekana kama ndago kurudi kwa hasira kilikuwa ni ndago zilezile zilizokuwa zimelala chini, zimeamshwa zote kwa mpigo.

Mwaka 1977 wataalamu wa magugu walichapisha orodha ya magugu mabaya kuliko yote duniani kwa wakulima. Ndago ilishika nafasi ya kwanza. Ya pili ilikuwa ukoka, huuhuu unaoulilia. Mkulima wa mahindi anaulaani, wewe unaunyweshea maji. Nakutajia hilo kwa sababu lina faida kwako: uwanjani mwako ndago haipambani na mmea dhaifu. Ukoka ukiwa na afya ni mpiganaji. Ndago haivumilii kivuli, na ukoka uliofunga vizuri unaitia kivuli kuanzia chini. Sasa swali langu ni kwa nini ukoka wako umeshindwa.

Barua yako imejibu bila wewe kujua. Lori la udongo mweusi ndilo ninaloliwekea alama ya kwanza. Udongo huo huchotwa mabondeni na pembezoni mwa mashamba, mahali ambapo ndago zimejaa, na viazi vyake vinasafiri ndani ya lori bila mtu kuviona. Ukoka wenu ulipata masika moja tu ya kutamba kwa sababu viazi vilikuwa bado vichache. Pili, malori na zege. Udongo ulioshindiliwa na magurudumu haupitishi hewa wala maji, na mabaki ya saruji huubadilisha udongo ukawa mkali kwa mizizi. Tatu ni tenki. Umesema karibu na tenki ndiyo usiseme. Naamini linafurika, au kuna bomba linavuja pale chini. Maji yakisimama ukoka unadhoofika, ndago haijali. Hata mkiniletea dawa ya bei gani, tenki likiendelea kumwaga maji mtakuwa mnazilisha ndago kwa mkono mmoja na kuziua kwa mwingine.

Sasa tuingie kwenye karatasi ya bwana wa ovaroli. Shilingi 180,000 mara 12 ni 2,160,000. Kukata majani mara mbili kwa mwezi ni mara 24 kwa mwaka, na kwa bei ya kijana wenu ni 360,000. Maana yake shilingi 1,800,000 inayobaki ni ya dawa na mbolea kwa uwanja wa mita za mraba 300. Mweleze mume wako hesabu hiyo jinsi ilivyo, bila kuongeza neno, atakapokuja mwisho wa mwezi.

Lakini pesa si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni lile jibu la "majani yanakauka kesho yake". Dawa inayokausha kesho yake ni ile inayochoma jani inapoligusa tu. Haishuki kwenye viazi. Jani linakuwa kahawia, mteja anafurahi, analipa, na kiazi chini hakijui kama kuna jambo limetokea. Baada ya muda mfupi kinachipua tena na bwana anarudi kupuliza tena. Kwa mkataba wa mwaka, hiyo ni biashara nzuri kwake. Halafu dawa za kuchoma za namna hiyo, nyingine ni parakwati. Parakwati haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Funda moja tu la dawa isiyochanganywa linaweza kumuua mtu mzima, na watu wamekufa kwa sababu ilihifadhiwa kwenye chupa ya soda. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuiruhusu mwaka 2007. Sisemi bwana yule anatumia hiyo. Nasema mtu anayekuja kupuliza sumu mahali watoto wanapocheza, akiulizwa jina la sumu yake akajibu "ya kisasa", hafai kufunguliwa geti. Dawa zote za aina hii lazima ziwe zimesajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwambie akuonyeshe chupa yenyewe ikiwa na lebo yake: jina la kiambato, namba ya usajili, maelekezo. Muulize pia bomba lake analioshea wapi. Akisema analioshea kwenye bomba lenu la uani, karibu na kisima, maliza mazungumzo kwa heshima.

Zipo kampuni nzuri za bustani, na yupo mtu ninayemshauri aziite: mwenye hoteli, mwenye uwanja wa ekari nzima, mwenye nyumba ambayo hakuna anayekaa. Wewe una uwanja mdogo, una macho yako mwenyewe hapo kila siku, una kijana mwaminifu, una mama mkwe anayeitambua ndago kwa kuitupia jicho. Unachokosa ni nguvu za kazi moja nzito mara moja kwa mwaka, na nguvu hizo zinakodishwa kwa siku.

Shemeji naye. Nia yake ni njema, anataka kuokoa fedha ya kaka yake. Ila dawa atakayouziwa dukani, kwa uwezekano mkubwa, ni glaifosati. Hiyo kweli inashuka mpaka kwenye kiazi ikipakwa kwenye jani bichi linalokua, kabla ndago haijatoa maua. Shida ni kwamba haichagui. Itaua ukoka pamoja na ndago, na Jumapili yake moja itakuachia uwanja wa kahawia. Viazi vilivyokuwa vimelala bila jani havitaguswa, kwa sababu dawa huingia kupitia jani. Vitachipua kwenye ardhi iliyo wazi, yenye jua, isiyo na ukoka wa kuvizuia. Akienda akaambiwa achukue dawa ya 2,4-D kwa sababu "haiui nyasi", hiyo huua majani mapana kama kishona nguo na kuiacha ndago imesimama. Tena mvuke na matone yake yakipeperushwa na upepo wa bahari yanaharibu mipapai na nyanya za jirani. Raskazone upepo mnao.

Hata kwa kipimo tu angekosea. Hekta ina mita za mraba 10,000. Uwanja wenu wote ni sehemu 3 za 100 za hekta. Lebo ikisema lita 3 kwa hekta, mnahitaji mililita 90 kwa uwanja mzima, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Mtu aliyezoea shamba atamimina kwa kukadiria na atazidisha mara nyingi, akidhani dawa nyingi inaua zaidi. Glaifosati ikizidi huchoma jani haraka, na jani lililokufa mapema halipeleki dawa chini.

Kuhusu chumvi nizungumze na mama mkwe moja kwa moja, kwa adabu zote. Mama, ukoka na ndago vyote ni mimea inayovumilia chumvi kuliko mingi ya bustanini. Chumvi ya kuviua hivyo itaua kwanza mpapai, mchicha, mlimau na kila ulichopanda pembeni. Udongo wa karibu na bahari ni mwepesi. Masika yatakapopiga, chumvi itateremka na maji mpaka kisimani, na maji ya kufulia yatakuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu. Kama kuna nyasi zinatoka kwenye nyufa za sakafu au kandokando ya ngazi, zimwagie maji yanayochemka, yatosha. Lakini kwenye kulima ulikuwa na hoja. Kiazi cha ndago kina udhaifu mmoja mkubwa: hakistahimili kukauka. Kikitolewa ardhini na kuachwa juani, kinakufa. Kwa hiyo jembe ndilo, ila wakati wake ni kaskazi, Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika na jua la Tanga likiwa kali.

Basi mwanangu, mpango wangu ndio huu.

Vuli hii msilime chochote. Rekebisheni tenki, boya lake libadilishwe kama limechoka, na maji ya kufurika yaelekezwe kwa bomba mpaka nje ya uwanja. Kishona nguo king'oeni kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla hakijatoa zile mbegu za kunasa nguoni. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, watoto wanaweza kusaidia. Mwambie kijana wa fyekeo aache kukata mpaka chini. Fyekeo likinyoa ukoka ukabaki vikonyo, jua linafika ardhini na ndago zinashukuru. Abakize kama sentimita 4 au 5, na asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, hata kama itabidi aje mara nyingi zaidi. Mlipe kwa hizo mara za ziada. Bado mtakuwa mbali sana na 180,000.

Wakati huohuo, kwenye ile nusu ambayo ukoka bado upo, zuieni ndago zisipate nguvu. Hapa ndipo dawa inaweza kuwa na nafasi ndogo, ikiwa nyumba nzima itakubali. Ndago hukua haraka kuliko ukoka, kwa hiyo siku chache baada ya kukata utaziona zimechomoza juu peke yake. Shemeji avae glovu za mpira, gambuti, miwani na suruali ndefu, afunge sponji kwenye mti mfupi, aichovye kidogo kwenye glaifosati iliyochanganywa kwa kipimo cha kupakia kilichoandikwa kwenye lebo, aikamue isidondoke, apake majani ya ndago tu yaliyo juu. Ukoka chini haupati kitu. Afanye asubuhi kukiwa shwari, siku isiyo na dalili ya mvua kwa saa 6 au zaidi, na watoto na kuku wafungiwe mpaka majani yakauke kabisa. Asiguse eneo la kisima, hapo ni kung'oa tu. Majani yatachukua wiki moja au mbili kunyauka. Huo ndio mwendo wake, asirudie kabla.

Niseme wazi jambo ambalo huenda mama mkwe amelisikia. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ile ya mazingira ya Marekani, zimefikia uamuzi tofauti. Kwa nyumba yenye watoto, mimi napendelea kidogo iwezekanavyo: kupaka, si kupuliza, na anayepaka awe mtu mzima tu. Kama mama mkwe bado hataki, msimlazimishe. Ni nyumba yake. Kung'oa kila wiki bila kuchoka nako kunaidhoofisha ndago, kwa sababu kila jani jipya linatumia akiba ya kiazi. Ni polepole, lakini kazi inaonekana.

Januari ndiyo kazi kubwa. Kodini vijana wawili au watatu pamoja na huyu wa fyekeo, na jembe uma liwepo, maana meno yake yanainua udongo bila kukatakata viazi kama jembe la kawaida. Nusu ya uwanja kwa kina cha sentimita 15 ni zaidi ya mita za ujazo 20 za udongo, kwa hiyo msiahidiane kuuchekecha wote. Chekecheni pale palipo pabaya zaidi, kuzunguka tenki na pale ambapo udongo wa lori ulimwagwa mwingi. Tumieni lile chekeche la mafundi la kuchekechea mchanga, udongo ukiwa mkavu viazi vitabaki juu ya wavu. Vianikeni juu ya bati kwa wiki mbili, kisha mvichome. Visitupwe jalalani wala kwenye shimo la mbolea. Sehemu iliyobaki igeuzeni kwa jembe uma, iacheni wazi juani, mrudi baada ya siku kadhaa mgeuze tena, na tena. Kila mkigeuza, viazi vingine vinapanda juu na kukauka. Katika kipindi hicho hata tone la maji lisimwagwe hapo. Mwagilieni ile nusu yenye ukoka tu, na kwa kiasi. Mama mkwe ndiye awe msimamizi wa kazi hii. Simpi heshima ya bure, ni kwamba vijana wa kibarua wakiona mtu anayejua anachokitafuta hawaachi viazi nyuma.

Mvua za kwanza za masika zikinyesha, msikimbilie kupanda. Subirini wiki mbili tatu. Ndago zilizobaki zitajionyesha, ziwe kumi au mia, na mtazitoa moja moja pamoja na kiazi chake, au shemeji azipake. Ndipo mpande ukoka. Msinunue udongo wala vipande vya ukoka kutoka nje. Nusu ya uwanja ina ukoka wa marehemu baba mkwe ambao umestahimili malori, zege na ndago. Huo ndio mbegu yenu. Chukueni vipande kutoka sehemu isiyo na ndago kabisa, mkague mizizi kimoja kimoja, mvipande kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Mkiweka samadi, iwe imeoza vizuri, kwa sababu samadi mbichi huleta mbegu za magugu mengine. Mbolea ya chumvichumvi ije baadaye, ukoka ukishaanza kutambaa, la sivyo mtaikuzia ndago.

Kama mnaweza, kabla ya kupanda pelekeni sampuli ya udongo wa pale palipokorogewa zege kwenye kituo cha TARI Mlingano, yaani cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kule Muheza. Kituo hicho kilianza mwaka 1934 kwa ajili ya mkonge, na leo udongo nao ni kazi yao. Mkiambiwa hapo pana saruji kupita kiasi, ni bora mjue kabla ya kupoteza masika nzima.

Kuhusu harusi: ukoka ukipandwa mwanzoni mwa mwezi wa nne na masika yakawa mazuri, mwezi wa saba utakuwa umefunga sehemu kubwa. Hautakuwa mgumu bado. Maturubai na viti viwekwe upande wa ukoka wa zamani, na upande mpya utandikwe mikeka kwa siku hiyo tu na kuondolewa usiku uleule. Wapishi na masufuria yao wakae uani kwenye sakafu, maana majivu na mafuta ya moto ukoka mchanga hausamehe. Na msishawishike kuharakisha kazi ya Januari kwa kufikiria picha za harusi. Ndago zilizoachwa kwa haraka zitaonekana kwenye picha hizo.

Bwana wa ovaroli akirudi, mpe ofa yako: kazi moja ya Januari, kuchekecha na kugeuza, bila dawa yoyote, kwa bei ya siku, na alipwe baada ya mama mkwe kukagua. Akikubali, mmepata vijana wenye vifaa. Akisema kampuni yao haifanyi kazi bila mkataba wa mwaka, kijana wenu wa fyekeo awatafute wenzake, lakini mwambieni mapema ili asiwe amechukua vibarua vingine mwezi huo. Fundi wa tenki mwite wiki hii.